Daftari la Bwana Diko

Bei ya samaki Tumbe, kijiji cha wavuvi kisiwani Pemba, haina siri. Vyombo vikishafika diko, yaani pwani vinakotia nanga, samaki hushushwa na kupangwa chini, dalali akapaza sauti, na anayemtaka nguru yule hutaja bei yake mpaka mwingine ampiku. Kila aliyesimama pale anasikia bei ilikoanzia, nani kaiongeza na ilikomalizikia. Mwenye chombo anajua amepata nini, mabaharia wake wanajua, mchuuzi anayefunga tenga nyuma ya baskeli kwenda Konde anajua, hata mtoto aliyetumwa kitoweo anajua. Akitokea mtu jioni kudai kwamba nguru aliuzwa kwa bei nyingine, watasimama watu ishirini kumkanusha.

Kwenye mchanga ule ule kuna hesabu nyingine mbili ambazo hakuna anayezipazia sauti. Ya kwanza ni ushuru. Ushuru wa masoko na mazao ni miongoni mwa mapato yanayoziendesha serikali za mitaa za Zanzibar, na kwa watu wa Tumbe serikali hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Micheweni. Ya pili ni daftari la bwana diko, yule anayeandika kwa ajili ya idara ya uvuvi vyombo vilivyoingia, aina za samaki na uzito wao. Takwimu za uvuvi za Zanzibar nzima, zile zinazotajwa kwenye Baraza la Wawakilishi wakati wa bajeti, zinaanzia kwenye madaftari ya namna hii. Mvuvi ndiye aliyemvua samaki anayeandikwa, na jasho lake ndilo linalotoa ushuru. Hesabu zote mbili zinaondoka Tumbe kwenda juu. Ninachotaka kukitazama hapa ni kama kuna njia yoyote iliyotengenezwa ili zirudi.

Ninaamini kwamba kwa sehemu kubwa njia hiyo haijatengenezwa. Naamini pia kwamba kasoro hii ni ya mfumo kabla haijawa ya mtu yeyote. Bwana diko anaweza kuwa mwaminifu kupindukia, mkusanya ushuru akakata risiti kila mara, karani wa halmashauri akajumlisha bila kukosea senti, na bado mtu wa Tumbe akaishi maisha yake yote bila kujua kijiji chake kilichangia kiasi gani mwaka jana na kilirudishiwa nini. Wote hao wametimiza wajibu wao kwa wakubwa wao. Hakuna aliyepewa wajibu kwa mtu wa diko.

Na Tumbe si kijiji kigeni kwa hesabu. Waakiolojia waliochimba hapo walikuta mabaki ya makazi makubwa ya karne ya 7 hadi ya 10, yaliyokaliwa na watu waliovua, waliosaga shanga na kutumia vyombo vya udongo vilivyovuka bahari kutoka Ghuba ya Uajemi. Jirani yake, Chwaka, msikiti na makaburi ya mawe ya mji uliofuata bado yanaonekana. Biashara iliyodumu muda wote huo haiwezekani bila watu wanaojua nani anamdai nani. Leo Tumbe imegawanywa shehia mbili, Mashariki na Magharibi, na soko lake la samaki ni mashuhuri Pemba nzima. Hata hivyo, Utafiti wa Bajeti ya Kaya wa 2004/05 uliiweka Micheweni mkiani mwa wilaya zote za Zanzibar: karibu watu watatu katika kila wanne waliishi chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi. Takwimu hiyo imetajwa tangu hapo kwenye ripoti nyingi na warsha nyingi. Ilikusanywa kwa kuuliza kaya zenyewe zinakula nini na zinatumia nini. Waliojibu maswali yale walistahili kuwa wa kwanza kusomewa majibu.

*

Katiba haina mapungufu ya maneno katika jambo hili. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio ya nchini na duniani yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli za watu, na juu ya mambo muhimu kwa jamii. Katiba ya Muungano ya 1977 inasema hivyo hivyo katika ibara yake ya 18. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, nao una haki ya kupokea habari katika ibara ya 9. Kwa hiyo mvuvi wa Tumbe anayo haki mara tatu.

Anachokosa ni utaratibu. Katiba haimtaji ofisa wa kupokea ombi, haisemi ajibu ndani ya siku ngapi, haisemi akikataa mwombaji aende wapi. Hayo ni kazi ya sheria, na sheria hiyo Tanzania inayo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, iliyopitishwa na Bunge Septemba 2016. Inaitaka kila taasisi ya umma iwe na ofisa wa taarifa, na inampa muda usiozidi siku 30 kumjibu raia aliyeomba. Ina kasoro zake, ikiwemo adhabu ya kifungo kwa ofisa anayetoa taarifa iliyozuiwa, adhabu inayomfanya mtumishi mwoga aone usalama wake uko katika kukataa. Lakini ni sheria, na mtu wa Tanga au Mtwara anaweza kuishika mkononi. Mtu wa Tumbe hawezi. Habari si jambo la Muungano, na sheria ile inasema wazi kwamba inatumika Tanzania Bara. Jioni ikiwa safi, milima ya Usambara, iliyoko Bara, inaonekana kutoka pwani ya magharibi ya Pemba. Sheria ya 2016 inaishia upande ule wa mkondo wa bahari.

Mwaka huo huo Kenya nayo ilitunga sheria yake, ikitekeleza ibara ya 35 ya katiba ya 2010. Ofisa hujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uganda ilikuwa na sheria tangu 2005. Zanzibar iliendelea kwa miaka na sheria ya magazeti ya 1988, iliyorekebishwa 1997, ambayo kazi yake ni kusajili na kudhibiti vyombo vya habari. TAMWA Zanzibar ya wanahabari wanawake, Baraza la Habari Tanzania na kamati ya wanahabari ya ZAMECO wamepiga kelele muda mrefu kutaka sheria mpya, na wamefanya kazi ya heshima.

Nina jambo moja la kuongeza kwenye mjadala wao. Umekuwa zaidi mjadala wa waandishi wa habari: leseni zao, vifaa vyao, uhuru wao wa kumhoji waziri. Haya yana uzito. Lakini mama anayeanika dagaa Tumbe Magharibi hana kitambulisho cha uandishi wala hahitaji kuwa nacho. Hasubiri ripota kutoka Chake Chake aje amuulizie ushuru wake umekwenda wapi. Sheria ikiandikwa kwa kumfikiria mwandishi tu, itakuwa na vifungu vya mikutano na waandishi na tovuti za wizara, na itasahau ukuta wa soko la samaki.

*

Upande wa Bara, mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji, na kuna mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ambapo mapato na matumizi husomwa. Vijiji vingi haviufanyi kwa wakati, na vingine husoma hesabu haraka haraka mpaka hakuna aliyeshika kitu. Hata hivyo mwanakijiji akisimama kuuliza, kiti anachokielekea kimetokana na kura yake.

Zanzibar mambo ni mengine. Sheha ni mteule wa Mkuu wa Mkoa. Cheo chenyewe ni cha kale. Visiwani walikuwepo masheha karne nyingi kabla ya serikali yoyote ya leo, wakisimamia mji pamoja na wazee. Sheha wa sasa, wa mfumo uliojengwa miaka ya 1990 na kuandikwa upya katika sheria ya tawala za mikoa ya 2014, ni mkono wa serikali ndani ya shehia. Anatunza kumbukumbu za wakaazi. Anaandika barua kwa anayetaka kitambulisho, anayehama, anayetafuta msaada. Pembeni yake yupo diwani, aliyechaguliwa na wadi yake na anayekaa kwenye vikao vya halmashauri ambako bajeti hupitishwa. Mwenye kura ni diwani, mwenye daftari ni sheha. Mwananchi wa kawaida hukutana na sheha mara nyingi zaidi, na sheha anawajibika kwa waliomteua.

Pemba kuna uzito wa ziada. Tangu uchaguzi wa 1995 kisiwa hiki kimepita katika machungu ambayo wenyeji hawahitaji kukumbushwa. Wakati wa uandikishaji wa wapiga kura wa 2009, mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya karatasi: nani kapewa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, nani kanyimwa, sheha kamwandikia nani barua. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilifungua mlango wa serikali ya umoja wa kitaifa na kupunguza joto, lakini desturi ilishajengeka. Mtu akienda ofisi ya sheha kuulizia karatasi, kabla hajajibiwa anapimwa: huyu wa chama gani, katumwa na nani?

Ndiyo maana nasema haki hii isiegemee moyo wa mtu kuuliza. Mfikirie mjane, simtaji kwa sababu nimemuunda mwenyewe, ambaye kaya yake ilikuwa kwenye orodha ya kaya masikini zinazosaidiwa na TASAF kisha ikatoka. Anakwenda kwa sheha asubuhi.

“Asalamu alaykum, sheha.”

“Waalaykumu salamu, bibi. Karibu.”

“Nimekuja kuuliza lile jina langu.”

“Bibi, majina yameshuka kutoka juu. Mimi nayapokea tu.”

Huenda sheha anasema kweli tupu. Lakini taratibu za TASAF zenyewe zinataka kaya zitambuliwe na jamii, katika mkutano, mbele ya majirani. Kwa maana hiyo kuna karatasi mahali fulani inayoeleza vigezo, na kuna kumbukumbu za mkutano. Bibi hana njia ya kuzidai zaidi ya kurudi kesho na kuomba kwa upole, na kila anaporudi anahisi anamsumbua mtu ambaye kesho kutwa atamhitaji kwa barua ya mjukuu.

*

Wapo watu masikini kuliko bibi huyo waliowahi kulitatua jambo hili, na walilitatua kwa sauti. Katikati ya Rajasthan, India, nchi kame ya wakulima wadogo, chama cha wafanyakazi na wakulima kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan kilianzishwa mwaka 1990. Serikali ilikuwa na miradi ya kazi za umma wakati wa ukame: watu huchimba mabwawa na kujenga barabara, wanalipwa kwa siku. Wafanyakazi hao walikuwa wakipata pungufu ya kima kilichowekwa, na wakilalamika wanaambiwa daftari linaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Daftari lenyewe hawakuruhusiwa kuliona.

Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, chama kile kiliitisha baraza la wazi. Walikuwa wamepata nakala za kumbukumbu za miradi. Wakazisoma, jina kwa jina na malipo kwa malipo, mbele ya watu walewale ambao majina yao yaliandikwa. Katika mabaraza ya namna ile watu walisikia majina ya marehemu wakiwa wamelipwa ujira, majina ya waliohama zamani, majengo yaliyoandikwa yamekamilika ilhali yamesimama bila paa. Hakukuhitajika mkaguzi kutoka Delhi. Kila kijiji kilikuwa na wakaguzi mia, kwa sababu kila mtu anajua nani alikufa mwaka gani na nani hakuwahi kushika jembe lile. Mwaka 1996 wakakaa siku 40 katika mji wa Beawar kudai haki ya kupewa nakala. Rajasthan ikatunga sheria mwaka 2000, India nzima mwaka 2005.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni mpangilio wake. Usomaji wa hadhara ulianza na sheria ikafuata. Watu wa Rajasthan walifanya kwa daftari la ujira kile ambacho Tumbe hufanya kila siku kwa nguru: waliitaja hesabu mbele ya wanaoijua.

Karibu zaidi na kwetu kuna Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu iliitoa kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995, na wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Iliyobaki iliishia njiani, kwenye ngazi za wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia 2001 kiasi kilichofika kilipita asilimia 80, na shule zilizokuwa karibu na wauza magazeti zilifaidika zaidi. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba magazeti yamepewa sifa kupita kiasi, kwa kuwa serikali ilikuwa imebadilisha pia namna ya kutuma fedha na kuzisimamia. Nakubaliana nao. Taarifa peke yake haimzuii mtu kuiba. Inachofanya ni kumpa mwalimu mkuu wa kijijini namba ya kuishika anapoingia ofisi ya wilaya, na mtu mwenye namba hajibiwi kama mtu mwenye malalamiko.

*

Je, kila kilichomo kwenye kabati la shehia kiwekwe wazi? Hapana. Nani ana maradhi gani, nani anadaiwa, ndoa ya nani ina mgogoro, hayo ni ya watu wenyewe, na kijijini ambako kila mtu ni ndugu wa mtu, kuyafichua ni dhuluma. Orodha ya kaya masikini ina ugumu wake: kubandika jina la mtu ukutani kwamba ni fukara ni kumvunjia heshima, na kulificha ni kuruhusu upendeleo. Mimi naona njia ya katikati ni hii: vigezo vibandikwe, idadi itangazwe, majina yasomwe katika mkutano wa shehia mbele ya waliohudhuria, na aliyeachwa apewe sababu yake kwa maandishi.

Ushuru hauna mgogoro huo. Hakuna aibu ya mtu yeyote katika kusema diko limekusanya shilingi ngapi. Vivyo hivyo faini zinazotozwa na kamati ya wavuvi kwa anayevua kwa nyavu zilizokatazwa, gharama ya choo cha soko, jina la mkandarasi wa skuli, mgao wa mfuko wa jimbo. Nimewahi kuambiwa na watumishi waungwana kabisa kwamba wananchi wakipewa namba watazielewa vibaya na kuleta fujo. Hofu hiyo naiheshimu, ila sijaona ushahidi wake. Anayeweza kugawa mapato ya safari kati ya mwenye chombo, mwenye mashine na mabaharia, baada ya kutoa mafuta na barafu, bila karatasi na bila ugomvi, hashindwi na mapato toa matumizi.

Ushahidi wa upande wa pili ninao, na uko Pemba penyewe. Kisiwa Panza, kusini, wanakijiji wamekuwa wakifunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa kisha kuufungua kwa siku waliyokubaliana, wakisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao. Siku ya kufungua, kilo za pweza zinaandikwa. Mtu anakubali kuacha kuvua kwa miezi kwa sababu anategemea kuona mwisho wake kwa macho. Ugomvi upo, wezi wa usiku wapo, lakini hakuna mzee aliyedai kwamba kilo zile ni siri.

Kwa Tumbe kinachotakiwa ni kidogo. Ubao mmoja ukutani mwa soko, uliofunikwa mvua isiulowe. Juu yake, kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa namba kubwa: ushuru uliokusanywa diko, uliopelekwa halmashauri, uliotumika hapohapo na umefanya nini. Chini yake, jumla ya bwana diko: vyombo vilivyoingia, kilo zilizoandikwa, pamoja na za mwezi kama huo mwaka uliopita. Safu hii ya pili wavuvi wataisoma kwa hamu kuliko ile ya kwanza, maana wanabishana kila siku kama samaki wamepungua au bahari imechafuka tu. Mwisho, jina la cheo cha mtu wa kuulizwa na siku anayopatikana.

Ubao una udhaifu mmoja: unasomwa na wanaofika sokoni, na wengi wao ni wanaume. Wanawake wanaolima mwani huingia baharini maji yanapokauka na kurudi wakiwa na safari nyingine ya kuni au maji. Wazee wenye macho mabovu hawafiki kabisa. Micheweni ina redio jamii yake, inayosikika kwenye simu ndogo za tochi majumbani na shambani. Dakika tano za kila mwezi, karani akisoma ushuru wa kila diko, Tumbe, Shumba, Msuka, Wingwi, kisha simu zikafunguliwa kwa maswali, hazihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuziamuru kwa barua ya ukurasa mmoja, na diwani yeyote wa Micheweni anaweza kuitaka barua hiyo katika kikao kijacho.